Tarehe ya Timu ya Wuhan na Haki ya Mabinti wa Rumphi

Siku hizi mshambuliaji Temwa Chawinga wa Malawi akitajwa, wapenzi wa soka huitaja klabu ya Kansas City palepale, na wapo wasemao kwamba Wamarekani ndio waliomwibua. Dai hilo si la kweli, nami naandika habari hizi ili haki irudi kwa wenyewe. Mshambuliaji yule aliivia Wuhan, kando ya mto Yangtze.

Mwanzo wa timu ya wanawake ya Wuhan ni chuo. Chuo Kikuu cha Jianghan kiliipa jina, na baadaye eneo la viwanda vya magari lilipotia mkono, jina la Chegu likaongezwa. Waliotawala ligi ya China kabla yao ni Dalian, kisha Jiangsu mwaka 2019.

Nguzo ya Wuhan ni Wang Shuang, mzaliwa wa mji huohuo, 1995. Wakubwa wa soka wa pale husimulia kwamba mwalimu Xu Yilong alimpokea akiwa mtoto wa miaka 7, akamlea kimpira mpaka akafika timu ya taifa. Mwaka 2018 Paris Saint-Germain wakamchukua, na mwaka huohuo Asia ikamtangaza mchezaji bora wa kike. Paris hakukaa. Msimu mmoja tu, akarudi kwao.

Hapa nisimame kidogo nieleze ajabu ya binti huyu. Januari 2020 mji wa Wuhan ulifungwa kwa sababu ya korona. Wenzake wa timu ya taifa wakaenda Australia kutafuta tiketi ya Olimpiki, yeye akabaki ndani. Akawa anapanda juu ya paa la nyumba na mpira wake, anafanya mazoezi peke yake, huku mji mzima chini kimya. Mechi za mwisho za kufuzu zikaahirishwa kwa mwaka mzima. Aprili 2021, mjini Suzhou, Korea Kusini wakatangulia kwa mabao mawili, na China ikawa inatolewa. Wang Shuang akapiga mpira wa adhabu uliozaa bao la kwanza, na katika muda wa nyongeza akaachia shuti la mbali likatinga wavuni. Jumla ya mechi mbili ikawa 4-3, China wakaenda Tokyo. Huko walipokutana na Zambia, mechi ilikwisha 4-4: mabao yote manne ya China ni yake, na matatu ya Zambia ni ya Barbra Banda, aliyekuwa akicheza Shanghai. Mechi kama ile huoni mara mbili.

Tukirudi kwenye habari yetu, ligi ya 2020 ilichezwa Kunming, timu zote zikiwa kambini. Wuhan, watu waliotoka karantini juzijuzi, wakawafunga Jiangsu katika fainali wakatwaa ubingwa wao wa kwanza. Wakaurudia 2021, 2022, 2023 na 2024. Miaka mitano mfululizo.

Na katika miaka hiyo ndimo walimo mabinti wa Rumphi, kaskazini mwa Malawi, jirani zetu kabisa. Tabitha, dada mkubwa wa Temwa, ndiye aliyefungua njia: kutoka DD Sunshine ya Lilongwe akaenda Sweden, akafika Jiangsu 2018, akawa nao walipobeba kombe, kisha akahamia Wuhan. Inter Milan walipompata na akawa mfungaji bora wa Italia kwa mabao 23, walimchukua kwa mkopo kutoka Wuhan. PSG nao vivyo hivyo. Wenye kubisha watazame mikataba.

Temwa alifuata nyayo za dada yake, DD Sunshine, kisha Kvarnsveden ya Sweden, kisha Wuhan. Mwaka 2023 alifunga mabao 63 kwa klabu na taifa. Cristiano Ronaldo, aliyewaongoza wanaume wote mwaka huo, alikuwa na 54. Mwaka huohuo Malawi ikaifunga Zambia na kutwaa kombe la COSAFA la wanawake. Mabao hayo 63 yalikwisha kuhesabiwa kabla hajagusa mpira wa ligi ya Marekani. Kansas City walinunua kitu kilichokamilika: 2024 akawafungia mabao 20, rekodi ya ligi yao, akawa mchezaji bora, na 2025 akawa tena.

Wuhan haikuanguka baada yake. Wang Shuang, aliyekuwa ameondoka tena, alirudi kutoka Tottenham; katika mashindano ya Asia wakawatoa Urawa wa Japani kwa penalti, na Mei 2025, nyumbani kwao, wakatoka 1-1 na Melbourne City, wakashinda 5-4 kwa penalti. Ndio mabingwa wa kwanza wa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Asia.

Basi ninyi mnaoandika habari za wachezaji wetu wa Afrika, mkifika kwa Temwa Chawinga, iandikeni Wuhan kwanza.