Pumziko la Mama, Mzigo wa Binti

Historia ya maendeleo ya Tarime na Serengeti huandikwa kwa shule, zahanati na visima. Ukiuliza mwanamke alikaa chini saa ngapi, unakuta kwamba pumziko la mmoja lilibebwa na mwenzake, kwa kawaida mdogo kwake. Katika boma la Wakurya mama alipumzika kwa kadiri alivyokuwa na binti wa kuchota maji, na baadaye mkamwana wa kusaga ulezi na kutafuta kuni. Ndiyo maana mwanamke mwenye ng'ombe lakini asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari akaoa mwanamke mwenzake, ndoa inayoitwa nyumba ntobhu. Alipata wajukuu wa kurithi boma, na alipata mikono. Wako wanaoitetea ndoa hiyo kuwa kimbilio la kuepuka ubabe wa waume, na wana hoja, kwani mwenye nyumba alisimamia mali yake bila kuamriwa na mwanamume. Ila aliyeolewa mara nyingi alitoka nyumba maskini: ng'ombe walikwenda kwa baba yake, kazi zikamwangukia yeye. Sheria ya Ndoa ya 1971 haikumsaidia. Ilitambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, hivyo ikamwacha nje ya ulinzi wake huku desturi ikiendelea.

Pigo kwa utaratibu huo wa kumtegemea binti lilitoka Musoma, makao makuu ya mkoa zilimo Tarime na Serengeti zenyewe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule waingie darasani ifikapo 1977. Lilikuwa jambo jema kuliko yote niliyoyataja, lakini binti alipokwenda shule, ndoo ilirudi kwa mama. Vijiji vya ujamaa, vilivyofanywa amri mwishoni mwa 1973, vilisogeza nyumba karibu na shule na kuziacha mbali na mashamba ya zamani. Mtu atasema mashine ya kusaga ilifuta taabu ya jiwe. Ni kweli, na migongo mingi ilipona. Lakini mashine hudai fedha, na mama alizitafuta kwa kuuza mboga au kupika pombe. Saa zilizookolewa jiweni zikaishia gulioni. Shule haina kosa. Kosa ni kwamba binti alipoondoka, hakuna aliyemwita kaka yake wala baba yake kuishika ndoo. Halmashauri zinapopanga visima na shule leo, zihesabu pia saa za mama, na wazazi wawatume wavulana kisimani.