Mchaniko wa aota
mchaniko *nm* (mi-) [u-/i-]: *mchaniko wa aota*, hali ya tabaka la ndani la aota, ateri kuu itokayo moyoni, kuchanika, damu ikapenya ndani ya ukuta na kuyatenganisha matabaka yake.

Mfano: Maumivu makali ya ghafla, kifuani hadi mgongoni, yalitokana na mchaniko wa aota, si mshtuko wa moyo.

Aina: Mfumo wa Stanford (1970) hutazama iwapo aota inayopanda imeathirika. Ikiathirika ni aina A, ambayo kwa kawaida huhitaji upasuaji wa dharura. Isipoathirika ni aina B, ambayo mara nyingi hutibiwa kwa dawa za kushusha shinikizo la damu. Mfumo wa DeBakey (1965) hufuata chanzo na kikomo: I huanzia aota inayopanda na kuivuka, II huishia humo, III huanzia aota inayoshuka. DeBakey mwenyewe alipatwa na aina II mwaka 2005, akapasuliwa akiwa na miaka 97, akapona.

Tanbihi: Tofautisha na *mpasuko*. Ukuta uliopasuka humwaga damu nje. Uliochanika bado huizuia, ingawa waweza kupasuka wakati wowote.