Kupanga msimu ni kuchagua cha kuacha

Hivi karibuni nilikuwa Mtwara kwa shughuli za kifamilia. Usiku mmoja, pale Shangani, nilimkuta mpwa wangu amekodoa macho mbele ya kompyuta ya mtumba. Nikadhani anatazama mpira. La hasha, alikuwa anaongoza timu ya baiskeli.

Mchezo huo unaitwa Pro Cycling Manager, nao ni kazi ya kampuni ya Cyanide ya Ufaransa, iliyoanza kutoa michezo ya aina hiyo mwaka 2001. Mchezaji hapandi baiskeli, yeye ni meneja. Anakabidhiwa waendeshaji, fedha za mfadhili na kalenda inayoanza Januari hadi Oktoba. Ndani yake mna mbio kubwa tatu, kila moja ya wiki tatu: Italia mwezi Mei, Ufaransa Julai, na Hispania Agosti hadi Septemba. Kazi ya meneja ni kupanga nani aende wapi, apumzike lini, na nguvu zake zifike kileleni mwezi gani.

"Mjomba, nyota wangu amechoka," kijana akanilalamikia. "Na Ufaransa ndiko mfadhili anakotaka ushindi."

Nikamwuliza amempeleka wapi tangu Januari. Akanionyesha orodha. Alikuwa amempeleka kila mahali!

Nikamsimulia habari za Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu. Mwaka 2017 Froome alifika Ufaransa mwezi Julai akiwa hajashinda shindano hata moja mwaka ule. Watu wakanong'ona kwamba kwisha kazi. Akashinda, ikawa mara yake ya nne, kisha akaenda Hispania akashinda tena. Mwaka uliofuata alianzia Italia mwezi Mei, akatwaa taji. Julai akashika nafasi ya tatu Ufaransa. Miguu ni ile ile miwili. Ukiitumia huku, kule itakudai.

Kijana akacheka, akasema hayo ni mambo ya Wazungu. Hapo ndipo nilipombishia.

Neno "msimu" lilikuja kwetu kutoka Kiarabu, mawsim, na humo humo ndimo Wazungu walikochota jina lao la pepo za bahari ya Hindi. Kwa maana hiyo, mtu wa pwani aliposema msimu alisema upepo. Kaskazi, tangu Novemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi iliyarudisha. Lakini kusi ikikomaa, Juni na Julai, bahari ya kule huchafuka mno. Nahodha alitakiwa aondoke mapema, Aprili, au asubiri demani, kusi inapopungua nguvu. Aliyekuwa Mikindani na tamaa ya kungoja shehena moja zaidi, na bandari moja zaidi, aliweza kuachwa na upepo, akalipa chakula cha mabaharia kwa miezi bila safari. Wazee wale walipanga msimu karne nyingi kabla ya kompyuta.

Na mji wenyewe wa Mtwara unatukumbusha mpango wa namna nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha mradi wa karanga, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa hapa Tanganyika. Wakaanza Kongwa, wakaja Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea, bandari ya kina kirefu ikachimbiwa misingi, na yote hayo karanga zenyewe bado ni ndoto. Walitaka kila kitu kwa mara moja, wala hawakuipa ardhi na mvua nafasi ya kuwajibu kwanza kwa mashamba ya majaribio. Januari 1951 mradi ukatangazwa kufa, na paundi milioni 36 zikawa zimekwenda na maji. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zikiwa hazipo. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwalimu Nyerere aliyajua hayo. Mei 1969, akiuleta mbele ya TANU Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, alitukumbusha kwamba kupanga ni kuchagua. Mimi naongeza: na kuchagua ni kuacha. Orodha isiyoacha kitu si mpango, ni tamaa iliyoandikwa.

Sasa nieleze kwa nini mazungumzo yale yaliniuma. Mpwa wangu ana shamba la mikorosho kule Nanyamba, aliloachiwa na marehemu mama yake, ambaye ni dada yangu. Mwaka jana alikuwa na bodaboda, ana hisa katika mashua ya uvuvi, na ana shamba. Mikorosho ilipochanua, wakati wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, yeye alikuwa barabarani na abiria. Maua yakaungua. Na usiku ule, kabla sijalala, aliniomba mtaji wa kufungua duka.

Sikumkaripia, maana sina uso wa kufanya hivyo. Mwaka dada alipougua nilikuwa na vipindi vitatu redioni na kazi mbili za pembeni. Kila wiki nilisema nitakwenda wiki ijayo. Nilifika Mtwara siku ya mazishi. Hakuna kitu hata kimoja nilichokiacha mwaka ule, ila kile kisichorudi.

Nilimwambia mpwa wangu: mtaji nitakupa, lakini nitajie kwanza utaacha nini. Akanyamaza kitambo. Kisha akarudi kwenye kompyuta, akamfuta nyota wake katika mbio nne za Juni.

Asubuhi, nikiwa stendi nasubiri basi, alinipigia simu. Hakuzungumzia duka. Aliuliza bei ya salfa.