Magadi na Moto Usiotaka Maji

Si kila moto unazimwa kwa maji. Yamwage kwenye karai la chipsi linalowaka katika kibanda chochote cha Kitengela: huzama chini ya mafuta, huchemka papo hapo, na mvuke wake huyarusha mafuta yenye moto hadi darini. Petroli nayo huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka inakopelekwa.

Dawa ya moto wa aina hiyo ilitafutwa mbali na Kajiado, lakini malighafi yake tunaifahamu. Magadi ya Ziwa Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa 1911. Reli kutoka Konza, kupitia mji wa Kajiado, ilifika ziwani 1915. Kiwandani magadi huchomwa. Mvuke na kaboni dioksidi hutoka, ikabaki soda ya kutengenezea vioo.

Gesi hiyohiyo ndiyo iliyowavutia wazima moto. Mwaka 1866 Mfaransa François Carlier alipata hataza ya mtungi uliochanganya baikaboneti na asidi ili gesi isukume maji nje. Bado yalikuwa maji tu. Hatua kubwa ilitoka Baku, mji wa visima vya mafuta, alikofundisha Mrusi Aleksandr Loran. Yeye alichanganya baikaboneti na salfeti ya alumini, akapata povu linaloelea juu ya mafuta na kuyafunika. Hataza akaipata 1904. (Si magadi yetu aliyotumia. Reli ilikuwa haijajengwa.) Miaka ya 1920 ikaja mitungi inayorusha baikaboneti ikiwa poda kavu.

Jikoni poda hiyo ilikuwa na faida ya ziada: ikikutana na mafuta ya moto, hugeuza sehemu yake kuwa sabuni, na sabuni huyafunika. Siku hizi jikoni hutumika zaidi dawa ya majimaji yenye chumvi za potasiamu, inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi na kupoza mafuta pia.

Vyumba vya kompyuta havikutaka maji wala poda, hivyo vikapewa gesi ya haloni. Ilizima moto vizuri sana, ikatoboa ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao sekretarieti yake iko Nairobi, ulisimamisha utengenezaji wake: nchi tajiri 1994, nchi kama yetu 2010.

Mitungi mingi myekundu inayouzwa leo ina poda ya fosfeti ya amonia. Hiyo ina asidi, haitengenezi sabuni, na mafuta yaliyozimika huweza kuwaka tena. Mwenye kibanda, kabla hujalipa, soma lebo. Kama haikutaja mafuta ya kupikia, mrudishie muuzaji, na karibu na karai weka blanketi la kuzimia moto.