Tone la Damu Kisiginoni

Mama wa mwenzetu mmoja chamani alijifungua mtoto wa kwanza Mwanza na wa mwisho hapa Birmingham. Huyu wa mwisho alichomwa kisigino akiwa na siku tano, damu ikadondoshwa kwenye kadi, na baada ya wiki chache muuguzi akaja nyumbani na majibu: selimundu. Wa kwanza hakupimwa. Alifariki kabla ya kutimiza miaka mitatu, wakasema ni homa. Tukataka kujua maabara iliona nini katika tone lile.

Habari yenyewe inaanzia kwetu. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha utafiti kuhusu selimundu katika makabila ya Uganda. Mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa ina chaji tofauti na ya kawaida. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Kisha Vernon Ingram, Cambridge, akagundua kosa lenyewe: katika mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki iliyo nafasi ya 6 imepokwa nafasi yake na valini. Basi, hilo tu!

Lakini hilo dogo linatosha. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi, valini haina. Resini za kubadilishana ioni zilitengenezwa na Adams na Holmes, Teddington, mwaka 1935, na mwaka 1955 Huisman na Prins wa Uholanzi walizitumia kutenganisha hemoglobini. Siku hizi bomba jembamba hujazwa chembechembe zenye chaji hasi. Damu ikipitishwa, hemoglobini hunata humo kwa sehemu zake chanya. Chumvi huongezwa kidogo kidogo, nayo hugombea nafasi zilezile mpaka protini iachie. Ya mtoto mchanga, F, huachia mapema, A hufuata, S, iliyopungukiwa chaji hasi, hung'ang'ania zaidi na kutoka nyuma yao. Kila moja huchorwa kama kilima kwenye karatasi.

Birmingham haikungoja nchi nzima. Ripoti iliyotoka katika British Medical Journal mwaka 1988 ilieleza miaka minane na nusu ya kupima watoto wachanga wa mji huu, ilhali England yote ilifikiwa mwaka 2006. Tunajivunia hilo, ingawa inatuuma kwamba damu ya Uganda na Kenya ilifundisha dunia, na kipimo kikatangulia kufika huku.

Tulimchorea mama yule vilima vya mtoto mwenye selimundu: F, kisha S. Akaweka kidole katikati, akauliza, “Hapa pangekuwa na nini?” Tukamwambia, A. Akaomba abaki na karatasi.