Mbunge wa Ol Kalou na Ile Asilimia 2.5

Kama ulisomea sekondari Kenya miaka hii ya juzi juzi, kuna uwezekano mkubwa umewahi kujaza fomu ya basari ya CDF, ama mamako alikujazia. Sahihi ya chifu, muhuri wa shule, nakala ya kitambulisho cha mzazi, halafu mnangoja. Ikitoka, watu wanasema "mheshimiwa ametusaidia." Hapo ndipo mimi hukasirika kidogo, kwa sababu hiyo pesa haikuwahi kuwa ya mheshimiwa. Na mtu aliyeandika sheria yake alikuwa anajaribu kuua hiyo sentensi kabisa.

Jina lake ni Muriuki Karue, mhandisi, mbunge wa Ol Kalou kule Nyandarua. Uliza wasee kumi wa rika letu kama wanamjua. Utapata tisa wanakuuliza kama ni msanii.

Ili uelewe alichofanya, lazima urudi nyuma kidogo. Enzi za Kenyatta na Moi, barabara na zahanati zilifuata siasa. Eneo likipigia kura upande usiofaa, lami inaishia mpakani, na si siri, ilisemwa hadharani: siasa mbaya, maisha mabaya. Mwaka wa 1983 serikali ilileta mpango wa kupanga maendeleo kutoka wilayani, ukiwa na kamati ya maendeleo ya kila wilaya. Kwenye karatasi ilikaa poa. Lakini mwenyekiti wa hiyo kamati alikuwa DC, na DC alikuwa mtu wa rais. Kwa hivyo wilaya ilipanga, Nairobi ikaamua.

Pengo lililobaki lilizibwa na harambee. Harambee ilijenga shule nyingi sana nchi hii, hilo hakuna wa kulikataa. Shida ni kwamba ilikuja ikageuka mnada wa wanasiasa. Mgeni wa heshima anafika na bahasha, jina na kiasi vinasomwa kwa kipaza sauti, watu wanapiga makofi. Hakuna aliyeuliza bahasha imetoka wapi. Na mbunge asiye na bahasha nene hakurudi bungeni, hata kama kazi yake ya kutunga sheria ilikuwa safi.

Desemba 2002 KANU ikaondoka madarakani, NARC ikaingia, na kwa muda mfupi hivi nchi ilikuwa na mood ya kubadilisha kila kitu. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003. Mwaka huo huo ikapita sheria ya maadili ya watumishi wa umma, iliyowabana viongozi kwenye mambo ya michango. Na katikati ya hayo yote Karue akapeleka mswada bungeni, si mswada wa serikali, mswada wa mbunge binafsi. Hiyo ni nadra. Miswada ya aina hiyo mingi hufia njiani.

Wazo lilikuwa rahisi mpaka linashangaza. Chukua angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kila mwaka. Asilimia 75 ya hiyo pesa igawanywe sawa kwa sawa kwa maeneobunge yote, ambayo wakati huo yalikuwa 210. Asilimia 25 iliyobaki ifuate kiwango cha umaskini, maskini zaidi apate zaidi. Basi. Hakuna kumpigia waziri magoti, hakuna kusindikiza ujumbe wa wazee Ikulu na mbuzi. Hesabu inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na urafiki.

Hapo ndipo naona akili ya yule mzee. Angeweza kuweka pesa yote ifuate umaskini, na kusema kweli hiyo ingekuwa haki zaidi kwa Turkana na Wajir. Lakini wabunge wa maeneo yenye nafuu wangeiangusha. Kwa kugawa sehemu kubwa sawa kwa sawa, kila mbunge ndani ya ukumbi, wa serikali na wa upinzani, alijiona ndani ya mswada. Ukapita, na Rais Kibaki akaweka sahihi.

Mwaka wa kwanza wa fedha, 2003/04, ilitengwa shilingi bilioni 1.26. Gawanya kwa 210, unapata milioni 6 kwa kila eneobunge. Leo milioni 6 hainunui hata gari ambalo mheshimiwa angekubali kuonekana nalo, lakini wakati ule kuna vijiji ambavyo havikuwa vimeona pesa ya serikali ikija bila bahasha tangu uhuru. Ndani ya miaka mitatu hazina ilikuwa imefika karibu bilioni 10. Madarasa, zahanati, visima, vituo vya polisi, karo. Ukizunguka Kenya leo, angalia kuta za shule. Maandishi ya CDF ni mengi kuliko ya kampuni za simu.

Majirani nao walikuwa wanatazama. Uganda ikaanzisha hazina yake mwaka wa 2005, na Tanzania ikapitisha sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo mwaka wa 2009.

Sasa tuje kwa ubaya, na ubaya ulikuwa ndani ya sheria yenyewe tangu siku ya kwanza. Nani anaamua mradi gani ujengwe? Kamati ya watu wasiozidi 15: madiwani wawili, afisa wa wilaya, watu wa dini, wanaume, wanawake, kijana mmoja (mmoja!), mtu wa shirika lisilo la serikali, na kadhalika. Na nani anaitisha hiyo kamati? Mbunge. Yeye pia ana kiti humo ndani. Halafu mwisho wa mwaka, nani anakaa bungeni kuuliza serikali imetumia pesa vipi? Mbunge huyo huyo. Ni kama kumpa mwanafunzi mtihani, kalamu nyekundu na daftari la alama, kisha umwachie ufunguo wa darasa.

Kwa hivyo badala ya mtu mmoja Nairobi kugawa maendeleo kama zawadi, tukapata watu 210 wa kufanya hivyo. Kamati zikajaa mashemeji na mawakala wa kampeni. Miradi ikaishia kwenye linta. Basari zikakatwa vipande vidogo vidogo, elfu mbili huku elfu tatu kule, ili familia nyingi zishukuru, hata kama hakuna mtoto hata mmoja aliyemaliza karo kwa hiyo.

Lakini kuna kitu kingine sheria ilileta bila watu kutarajia: kila mtu sasa alijua eneo lake limepewa pesa ngapi. Ukijua namba, unaweza kuuliza. Mwaka wa 2007, shirika la MUHURI la Mombasa lilifanya ukaguzi wa kijamii wa CDF Changamwe. Raia wa kawaida walifunzwa kusoma makaratasi ya miradi, wakaenda kwenye miradi yenyewe wakilinganisha kilichoandikwa na kilichosimama, kisha wakaita mkutano wa hadhara kusoma matokeo mbele ya majirani. Fikiria hiyo, miaka 17 kabla ya sisi kukesha mtandaoni tukichambua Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu. Sisi si wa kwanza, wasee. Tulikuwa tu na bando.

Karue mwenyewe hakukaa sana kuona mti wake ukikua. Uchaguzi wa 2007 uliipa Ol Kalou mbunge mwingine. Ilikuja Katiba ya 2010, ikaleta kaunti 47 zenye pesa zao na magavana wao, na ghafla swali likawa: kama zahanati ni kazi ya kaunti, mbunge anajenga zahanati kama nani? Februari 2015 Mahakama Kuu ikasema sheria ya CDF ya 2013 inakiuka Katiba. Bunge likaandika nyingine mwaka huo huo, likaongeza herufi mbili mbele ikawa NG-CDF, likamwondoa mbunge kwenye meza ya kamati, angalau kwa karatasi. Agosti 2022 Mahakama ya Juu nayo ikakubaliana kwamba ile ya 2013 haikufaa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaangusha hata hii mpya, ikaipa mwisho wa tarehe 30 Juni 2026. Wabunge wakajibu kwa njia wanayoijua: Julai 2025 Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kuiweka hazina ndani ya Katiba yenyewe. Ukitaka kuona wabunge wa serikali na upinzani wakipendana, gusa CDF.

Mimi niko upande wa mahakama kwenye suala la nani ashike pesa. Mtunga sheria asiwe mkandarasi. Lakini nikisikia mtu wa Nairobi akisema CDF ifutwe tu, namuuliza amewahi kusubiri basari akiwa ametumwa nyumbani katikati ya muhula. Ile hesabu ya Karue, kwamba kila eneo lipate chake bila kuomba, haikuwa kosa. Kilichoharibika ni kiti kimoja kwenye kamati.

Kwa sasa, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti ya kila hazina ya eneobunge, moja moja, na ziko kwenye tovuti yake bure. Tafuta ya kwenu. Ruka kurasa za mwanzo zenye picha na salamu, nenda moja kwa moja kwa maoni ya mkaguzi, kisha kwenye orodha ya miradi iliyokwama. Kuna moja hapo unapita kando yake kila siku.