Mwundaji hupendekeza, wazungumzaji huamua

Wapo wasomaji wa safu hii wanaoniuliza iwapo Kiswahili kina maneno ya kutosha kutaja yaliyo moyoni. Swali lenyewe si geni. Mnamo 1688, mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, alikabiliana nalo mjini Basel, Uswisi. Katika tasnifu yake alieleza habari za kijana wa kutoka Bern aliyedhoofika kwa kuishi mbali na kwao, kisha akapata nafuu alipoanza safari ya kurudi. Hofer aliunganisha neno la Kigiriki la kurejea nyumbani, nostos, na la maumivu, algos, akapata nostalgia. Kwa asiyelipenda, alitaja mengine mawili: nosomania na philopatridomania. Hili la mwisho hata ulimi unalikwepa! Wazungumzaji walichagua la kwanza.

Mwaka wa 1983, Douglas Adams na John Lloyd wa Uingereza waliufanya uundaji huu kuwa mchezo. Katika kitabu The Meaning of Liff, walitwaa majina ya miji na vijiji wakayapa kazi ya kutaja mambo ambayo kila mtu anayajua ila hayana jina. Naye Mmarekani John Koenig, tangu 2009, amekuwa akiunda maneno ya huzuni zisizotajika. Neno lake sonder, yaani kutambua ghafla kwamba kila mpita njia ana maisha yenye mambo chungu nzima kama yako, limeenea.

Sisi je? Waundaji wetu wa istilahi wamezihangaikia zaidi mashine. Tukapata runinga na tarakilishi. Lakini mwanafunzi wangu akifiwa, akiachwa na mpenzi au akikosa karo, ana jibu moja tu: "Mwalimu, niko na stresi." Kila kitu stresi! Jambo usiloweza kulitaja, utaliombeaje msaada?

Ilhali Waswahili wameucheza mchezo huu tangu jadi. Jicho walilivisha ki-, likawa kijicho, yaani husuda. Nyongo ikazaa kinyongo. Na ile hali ya mdomo kukataa huku moyo unataka? Methali ilikwisha kuimaliza: kisebusebu na kiroho papo.

Kiunzi bado tunacho. Tuna kifunguakinywa, kwa nini tusiwe na kifichamachozi, kile kicheko cha mtu anayezuia kilio mbele za watu? Na anayerudi kijijini Desemba akakuta wenzake wametawanyika, watoto wanamwuliza yeye ni nani, hisia yake naiita ugenikwao. Hofer alitaja maumivu ya kuwa mbali na nyumbani. Haya ni maumivu ya kufika.

Kama hayakupendezi, basi unda yako, uyatumie sokoni na kwenye matatu. Siku utakapolisikia neno lako kinywani mwa mtu usiyemjua, kamusi italifuata tu.